UZI: Sanibasti za Stratocaster na Les Paul za zamani, kwa nini rangi hazifanani mwaka hadi mwaka

Mpiga Nyuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Hapa jukwaani haipiti muda bila mtu kuweka picha ya gitaa kuukuu la umeme na kuuliza ni la mwaka gani. Majibu huanza kumiminika. Mmoja anasema 1957 kwa sababu halina wekundu, mwingine anasema 1959, wa tatu anaapa limepakwa upya. Wote wanatazama rangi, na wote wanaitazama mahali pamoja: usoni mwa gitaa, sehemu iliyopigwa na mwanga miaka yote. Nimeyasoma mabishano hayo kwa muda mrefu na nayapenda, ila naona tunabishana bila msingi. Naomba tuuweke msingi huo hapa. Nitaandika kwa awamu, na mwenye kujua zaidi aongeze.

Kwa wageni: sanibasti ni ule mtindo ambao katikati ya bodi pana manjano au rangi ya kaharabu, halafu rangi inakolea kuelekea ukingoni mpaka kahawia au nyeusi. Haukuanzia kwenye magitaa ya umeme. Gibson, kampuni ya Marekani inayotengeneza Les Paul, waliutumia kwenye mandolini na magitaa ya kawaida tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mandolini yao ya F-5 iliyotoka 1922 ilikuwa na rangi waliyoiita Cremona Brown, jina la mji wa Italia uliosifika kwa fidla, na rangi hiyo ilisuguliwa kwa mkono ndani ya mbao. Kupuliza kwa bomba kulikuja kuenea baadaye.

Sasa shikeni hili, maana mengine yote yatatoka humo. Rangi unayoiona leo kwenye gitaa la miaka 60 ina mikono mitatu ndani yake. Mkono wa kwanza ni wa fundi aliyepuliza kiwandani. Wa pili ni wa jua, ambalo limeondoa sehemu ya rangi hiyo. Wa tatu ni wa laka yenyewe. Viwanda vya Marekani miaka ile vilitumia laka ya nitroselulosi, ile nyembamba inayokauka haraka, na laka hiyo hugeuka manjano inapozeeka. Ndiyo maana gitaa lililotoka kiwandani likiwa jeupe leo ni la krimu, na lililokuwa la buluu hafifu leo lina ukijani. Mtu anayetazama uso wa gitaa akasema "hii ndiyo rangi ya 1959" amechanganya mikono yote mitatu akadhani ni mmoja.

Mkono wa jua ndio unaodanganya zaidi. Rangi nyekundu nyingi za miaka ile ziliyeyuka kabisa ndani ya laka. Hazikuwa chembe za unga zinazobaki nzima. Mionzi ya urujuanimno huzivunja molekuli hizo kidogo kidogo, na wekundu ndio ulikuwa dhaifu kuliko zote. Manjano hustahimili zaidi, nyeusi karibu haiguswi. Kwa hiyo sanibasti ya rangi tatu ikikaa dirishani mwa duka, wekundu unayoyoma na kubaki manjano na kahawia, kama vile haukuwahi kuwapo.

Ni kama kanga kuukuu: usoni imepauka, lakini ukifumua pindo unaiona rangi ile ya siku iliponunuliwa. Pindo la gitaa ni chini ya bamba la plastiki la usoni, chini ya fremu za pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), na kwenye kuta za mashimo ya nyaya. Huko mwanga haukufika. Ukitaka kujua fundi alipuliza nini, fungua utazame huko kwanza.

Nikirudi naanza na Fender, watengenezaji wa Stratocaster.

---

Kidole Tupu

Nimekaa mkao wa kula mkuu. Mimi ni mmoja wa wale waliosema 1957 kwenye uzi wa juzi. Endelea.

---

Mpiga Nyuzi

Tuendelee.

Stratocaster ilitoka 1954, kiwandani Fullerton, California. Kuanzia hapo mpaka 1958 sanibasti yake ya kawaida ilikuwa ya rangi mbili tu: kahawia iliyoiva karibu na nyeusi ukingoni, na kaharabu katikati. Ya Buddy Holly, yule mwanamuziki wa rock wa Marekani, ilikuwa ya namna hiyo. Mwanzoni bodi ilikuwa ya mbao ya ashi, ambayo ina matundu makubwa ya nyuzi za mbao na mistari inayoonekana wazi chini ya rangi. Katikati ya 1956 wakahamia kwenye alda kwa magitaa ya sanibasti, na ashi wakaiacha kwa yale ya rangi ya ngano yanayoonyesha mbao. Alda ina nyuzi zilizokaza, haihitaji kujazwa matundu kabla ya kupakwa, kazi inakwenda haraka. Kwa hiyo hata kabla wekundu haujaingia, sanibasti ya 1955 na ya 1957 hazifanani. Rangi ni zile zile, ila mbao iliyo chini inapokea manjano kwa namna yake. Kwenye ashi utaona mistari inacheza ndani ya kaharabu, kwenye alda uso umetulia.

Mwaka 1958 wakaongeza nyekundu kati ya manjano na nyeusi, ikawa sanibasti ya rangi tatu. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Nyekundu ya 1958 na 1959 ilikuwa inapauka vibaya sana. Zipo nyingi za miaka hiyo ambazo ukizitundika ukutani utasema ni za rangi mbili, za 1956 au 1957. Mkuu Kidole Tupu, lile gitaa la juzi lina shingo yenye ubao wa vidole wa rozwudi, na rozwudi kwenye Stratocaster ilianza 1959. Fungua bamba la plastiki, naamini utakuta wekundu mkali chini yake. Macho yako yaliona sawasawa, wekundu haupo usoni. Jua ndilo lililouondoa.

Kuanzia 1960 hivi nyekundu ikawa ngumu zaidi, na magitaa ya 1960 mpaka katikati ya 1964 ndiyo ambayo kwa macho yangu sanibasti ya Fender imefika kilele. Manjano inapenya, unaona mbao. Nyekundu inaingia taratibu kwenye manjano bila mstari. Nyeusi ni nyembamba ukingoni. Kila moja ina sura yake kwa sababu ilipulizwa kwa mkono. Weka mbili za mwezi mmoja pembeni kwa pembeni: moja ina nyekundu pana, nyingine nyeusi imeingia ndani kwa upana wa kidole. Usijenge hoja ya mwaka juu ya tofauti ya namna hiyo.

Kuelekea mwisho wa 1964 yakatokea mabadiliko ambayo ukishayajua huwezi kuacha kuyaona. Zamani manjano ilikuwa rangi ya kupenya, imetiwa kwenye mbao yenyewe, nyuzi za alda zinaonekana. Sasa wakaanza kupuliza manjano nzito yenye weupe ndani yake, inayoficha mbao. Matokeo yake ni duara la manjano lililosimama peke yake katikati, halafu nyekundu, halafu nyeusi, kila moja na mpaka wake. Wakusanyaji huifananisha na ubao wa shabaha. Wengi huwalaumu CBS kwa jambo hili, kwa sababu CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, ndio walioinunua Fender Januari 1965 kwa dola milioni 13. Lakini manjano nzito ilianza kabla ya mkataba huo kukamilika. Tuwe waadilifu.

Halafu 1968 laka ya nitroselulosi ikaondoka kwenye bodi, ikaja poliesta: nene, ngumu, inang'aa kama kioo. Poliesta haigeuki manjano kama laka ya zamani, kwa hiyo ule mkono wa tatu niliousema unapungua sana kuanzia hapo. Kwenye miaka ya 1970 nyeusi ikazidi kupanuka na manjano ikabaki kidogo katikati.

---

Fundi Seremala

Mkuu umegusa kazi yangu. Mimi nipo Keko, samani, rangi napuliza kila siku. Naomba niongeze kwa upande wa mbao na bomba.

Hiyo manjano nzito, kwa macho yangu ya fundi, sababu yake ni mbao. Bodi ya gitaa mara nyingi siyo kipande kimoja, ni vipande viwili au vitatu vilivyogundishwa. Ukitaka manjano ya kupenya, lazima uchague vipande vinavyolingana, visiwe na mistari ya madini wala mabaka, maana kila kasoro itaonekana. Ukiweka manjano yenye weupe ndani, kasoro zote zimezikwa. Unatumia mbao ambayo jana ungeitupa. Kiwanda kikianza kuuza magitaa mengi kuliko zamani, hiyo ndiyo njia ya mkato ya kwanza. Hata sisi mteja akitaka kabati liishe kesho tunamshawishi achukue rangi nzito.

Na kuhusu kufanana: sanibasti haipulizwi ukitazama ubao moja kwa moja. Unaelekeza bomba kutoka pembeni, ukungu wa rangi ndio unaoingia ndani kidogo. Ukisogea sentimita chache, au mgandamizo wa hewa ukipungua, au rangi ikiwa nyepesi zaidi siku hiyo, upana wa nyeusi unabadilika. Mafundi wawili hawawezi kutoa kitu kimoja. Fundi mmoja asubuhi na jioni hatoi kitu kimoja. Kwa hiyo nakubaliana na wewe kabisa, upana siyo ushahidi wa mwaka. Namna tabaka zilivyopangwa ndiyo ushahidi.

---

Mpiga Nyuzi

Fundi, asante sana. Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mpangilio wa tabaka unatoka kwenye utaratibu wa kiwanda, na utaratibu wa kiwanda una tarehe. Wekundu kiasi gani umebaki, hilo linatokana na gitaa lilipotundikwa.

Nyongeza moja: kwenye bodi nyingi za Fender za kabla ya mwisho wa 1964 utakuta vitundu vidogo vya misumari chini ya bamba na kwenye mashimo. Bodi ilisimamishwa juu ya misumari wakati wa kupakwa na kukaushwa. Baadaye wakatumia pia fimbo iliyofungwa kwenye nafasi ya shingo, na hapo rangi haikushika, pakabaki alama ya mbao tupu. Anayepaka upya mara nyingi huviziba vitundu hivyo kwa rangi. Ukiona kitundu cha msumari kimepakwa juu yake, uliza maswali.

---

Binti wa Chumbageni

Shikamooni wakubwa. Na Les Paul je? Naona watu wanalipia pesa za kutisha kwa zile za 1959, na kila picha ninayoiona ina rangi yake. Nyingine nyekundu, nyingine kama asali, nyingine kama chai. Zote 1959! Hapo nimeshindwa.

---

Mpiga Nyuzi

Marahaba dada. Hapo umefika kwenye utamu wenyewe, na nitakaa hapo.

Les Paul ilianza 1952 ikiwa ya dhahabu usoni. Mauzo yakawa yanashuka, na 1958 Gibson, kiwandani Kalamazoo, Michigan, wakaibadilisha: uso wa mbao ya mepoli wa vipande viwili vilivyoungana katikati, manjano, na nyekundu ya cheri kuzunguka ukingo. Walizitengeneza mpaka 1960, kisha 1961 umbo lote likabadilishwa. Zote kwa pamoja hazikufika 2,000. Wakati ule hazikuwa na soko kubwa. Wakaja vijana wa Uingereza na Marekani wa katikati ya miaka ya 1960, Eric Clapton, Peter Green, Mike Bloomfield, wakaonyesha zinavyolia kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho, na hapo bei ikaanza kupanda.

Sasa rangi. Nyekundu ya 1958, 1959 na mwanzo wa 1960 ilikuwa rangi ya anilini, yaani rangi ya kemikali inayoyeyuka, na ilikuwa dhaifu mno mbele ya mwanga. Zote zilitoka Kalamazoo zikiwa na nyekundu ya cheri. Hizo za asali, za chai, za limau unazoziona, hakuna hata moja iliyopulizwa hivyo. Ni nyekundu ile ile, iliyokwenda njia tofauti. Iliyokaa ndani ya sanduku chini ya kitanda imebaki cheri. Iliyotundikwa dirishani mwa duka miezi michache imekuwa limau, manjano tupu bila ukingo. Iliyokaa katikati ya hali hizo mbili, nyekundu imefifia wakati laka ya juu imegeuka kaharabu, na muungano wa hayo mawili ndio unaotoa rangi ya chai. Kwa hiyo rangi ya chai ni mikono yote mitatu kwa mara moja: kilichobaki cha fundi, ukiondoa kilichochukuliwa na jua, ukijumlisha kilicholetwa na laka.

Nyuma ya gitaa nako kunasema. Mgongo wa mahogani ulijazwa matundu kwa kijazio chekundu cha anilini, na nao hupauka kuwa kahawia. Lakini mgongo hauoni dirisha. Linganisha uso na mgongo. Uso ukiwa limau na mgongo bado una cheri, gitaa lilitundikwa. Vyote viwili vikiwa vimefifia sawasawa, lilitembea na mtu, likapigwa, likawekwa huku na huko. Mimi nikilitazama gitaa la namna hiyo naona maisha ya mwenye nalo.

Mahali pa kutazama rangi ya asili: ondoa fremu ya pikapu. Chini yake kuna ukanda mwembamba ambao haukuona mwanga. Pia chini ya lile duara la plastiki kwenye swichi ya kuchagua pikapu. Wapo wenye magitaa ya limau waliofungua duara hilo wakakuta pete ya cheri iliyokolea.

Kisha ndani ya 1960 Gibson wakabadilisha nyekundu. Ile mpya haikupauka kwa urahisi, na ina uchungwa ndani yake, inakaribia nyanya iliyoiva. Sanibasti nyingi za mwishoni mwa 1960 bado zina wekundu mzito hadi leo, na mpaka kati ya nyekundu na manjano unaonekana kwa ukali. Wapo wasiozipenda kwa sababu hiyo. Mimi nazipenda, kwa sababu ndizo zinazokaribia zaidi kile ambacho mnunuzi wa siku ile alikiona alipofungua sanduku.

Dada, kwa jibu fupi la swali lako: mwaka wa Les Paul hausomwi kwenye rangi. Geuza kichwa cha gitaa, nyuma kuna namba iliyogongwa kwa wino. Tarakimu ya kwanza ndiyo mwaka: 8, 9 au 0. Rangi inakupa hadithi ya yaliyofuata baada ya mwaka huo.

---

Mkaaji wa Ohio

Mkuu, mimi niko huku Marekani. Kinachonishangaza ni kuwa madukani unakuta mapya yenye majina hayo hayo, chai, limau, asali. Sasa hayo nayo yatapauka?

---

Mpiga Nyuzi

Hapana, siyo kwa namna ile. Hayo yamepulizwa rangi ya kufifia tangu mwanzo kwa rangi imara. Fundi wa leo ananakili kazi ya jua. Fender walirudia miundo ya 1957 na 1962 mwaka 1982, wakaanzisha karakana yao maalumu 1987, na 1995 wakaja na magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi. Gibson nao wana matoleo yao yanayofuata 1958, 1959 na 1960. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu. Lakini fungua bamba la hayo mapya: chini yake rangi ni ile ile ya juu. Hakuna pindo. Hiyo ni njia rahisi sana ya kujikinga na muuzaji anayekuambia kitu kipya ni cha zamani.

---

Mwana Eastlands

Wakubwa, nimesoma uzi wote. Naandika kutoka Nairobi. Marehemu babangu aliniachia Stratocaster ya sanibasti. Alikuwa anapiga solo kwa bendi, na aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiamini ni ya 1966. Fundi mmoja aliifungua zamani akasoma namba kwa zile vyuma za kuzungushia sauti, akasema 1966. Kichwa ni kile kikubwa. Manjano iko katikati, nyekundu bado ni kali. Mnaonaje?

---

Mpiga Nyuzi

Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kulitunza gitaa lake.

Fundi wako alisoma sawasawa. Kwenye potensiometa, hivyo vyuma vya kuzungushia sauti, tarakimu tatu za kwanza ni za kiwanda kilichozitengeneza, 137 au 304, kisha mwaka, kisha wiki. Tatizo ni kwamba mwaka huo ni wa potensiometa. Gitaa lenyewe haliwezi kuwa la kabla ya hapo, ila linaweza kuwa la baadaye. Na Fender walinunua shehena kubwa sana ya potensiometa mwaka 1966, wakaendelea kuzifunga kwenye magitaa mpaka 1969 na hata baada ya hapo. Kwa hiyo 66 peke yake haitoshi. Hapa rangi ndiyo inaweza kutusaidia.

Legeza nyuzi, fungua skrubu 11 za bamba, linyanyue taratibu bila kuvuta nyaya. Kisha nitazamie mambo matatu. Manjano chini ya bamba, je, unaona nyuzi za mbao au imefunika? Wekundu uliofichwa na ulio wazi vinatofautiana kiasi gani? Na mahali palipobanduka rangi, ukingo wake ni mwembamba au mnene kama kipande cha kioo? Halafu tazama shingo: uso wa kichwa na mgongo wa shingo, manjano yake ni sawa?

---

Mwana Eastlands

Nimefungua leo mchana.

Manjano imefunika kabisa, mbao haionekani. Nyekundu ya chini na ya juu ni karibu sawa, ya chini imekolea kidogo tu. Pale ilipobanduka karibu na tundu la jeki, ukingo ni mnene, unaweza kuushika kwa kucha. Na hili sikuwa nimeliona miaka hii yote: uso wa kichwa ni wa manjano iliyoiva, shingo nyuma ni nyeupe zaidi. Nilidhani kichwa kimepakwa upya.

---

Mpiga Nyuzi

Hakikupakwa upya, na hilo ndilo linalofunga hesabu.

Fender walipohamia poliesta 1968, uso wa kichwa waliuacha na laka ya nitroselulosi kwa sababu ya ile nembo ya kubandika. Poliesta haikupatana nayo. Kwa hiyo kichwa kimeendelea kugeuka manjano miaka yote, na shingo iliyopakwa poliesta imebaki pale pale. Kichwa cha manjano juu ya shingo nyeupe ni alama ya kawaida ya magitaa ya 1968 na kuendelea. Unene uliouona pale penye jeki unasema hivyo hivyo. Manjano iliyofunika inasema ni baada ya 1964, hilo tulishalijua.

Kwa hiyo, kaka, potensiometa ni za 1966, na gitaa ni la 1968 au baadaye kidogo. Ukipata fundi mwenye mkono wa taratibu aondoe shingo, mwishoni mwa shingo kuna muhuri wa mwezi na mwaka. Usiondoe mwenyewe kama hujawahi.

---

Mwana Eastlands

Muhuri umesomeka: Mei, 1969.

Mama anasema hilo linaingiana, kwa sababu mzee alilinunua baada ya kaka yangu mkubwa kuzaliwa, na siku zote alishangaa watu wakisema 1966. Nashukuru sana.

---

Kidole Tupu

Na mimi nimefungua lile la juzi. Chini ya bamba kuna nyekundu kama damu ya mzee. Nimenyoosha mikono.

Swali la mwisho kwa upande wangu. Kuna anayetaka kulinunua gitaa hilo lakini anasema kwanza lipulizwe nyekundu upya "lirudi kama mwanzo". Nimwambie nini?

---

Mpiga Nyuzi

Mwambie hapana, kwa sauti kubwa. Gitaa la zamani lililopakwa upya, hata kwa ustadi, kwa kawaida hupoteza karibu nusu ya bei yake. Na hata bei ikiwekwa kando, ile nyekundu ya chini ya bamba ni ushahidi wa kile alichofanya fundi wa Fullerton siku ile. Ukipuliza juu yake, hakuna atakayeweza kuisoma tena.

Mnaohofia kununua kilichopakwa upya, ipo taa ndogo ya urujuanimno ambayo kila mwenye duka anayo, ile ya kukagulia noti bandia. Ingia chumba chenye giza, imulike kwenye gitaa. Laka ya nitroselulosi iliyozeeka hung'aa kwa mwanga wa manjano yenye ukijani. Mpako mpya hubaki mweusi au zambarau. Mahali palipotengenezwa panaonekana kama baka. Usihukumu kwa taa peke yake, maana nta na moshi wa sigara wa miaka mingi hubadilisha mng'ao, lakini itakuonyesha wapi pa kutazama.

---

Binti wa Chumbageni

Jasho je? Huku Tanga joto letu mnalijua. Mpigaji akilowana kila usiku, rangi haiendi?

---

Mpiga Nyuzi

Inakwenda, lakini kwa namna nyingine. Jua hupausha na kuiacha laka mahali pake. Jasho na mkono huondoa laka yenyewe mpaka mbao ibaki uchi. Mfano mkubwa ni Stratocaster ya 1961 ya Rory Gallagher wa Ireland. Ilikuwa sanibasti ya rangi tatu. Iliwahi kuibwa, ikaja kupatikana imetupwa mtaroni ikiwa imelowa mvua, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa jasho kali jukwaani. Leo karibu uso wote ni mbao, sanibasti imebaki vipande vipande. Iliuzwa mnadani London Oktoba 2024, na imekwenda Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Ukiitazama, pale laka iliposalia bado rangi zinasomeka. Palipoisha hakuna cha kusoma.

Kwa gitaa lako jipya usiwe na wasiwasi mkubwa, rangi za sasa ni ngumu. Lifute kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga, na usilitundike ukutani mbele ya dirisha linalopigwa na jua.

Wenye picha za chini ya mabamba, ziwekeni hapa. Pigeni kivulini mchana, bila mmweko wa kamera, na muweke karatasi nyeupe pembeni ya gitaa ili tujue kamera imeelemea rangi gani. Natafuta hasa yeyote mwenye Stratocaster ya nusu ya pili ya 1964, nataka tulinganishe manjano yake na ya mwanzo wa mwaka huo huo.